Usukani wa Gari la Nesi

Asubuhi ile gereji ilikuwa na magari matatu tu, na yote matatu yalikuwa yamekuja kwa fundi waliyemwita Daktari. Hakuna aliyemuulizia Masikio, ingawa gereji ilikuwa yake, na huyo Daktari alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha hata kushika spana.

Jina la Masikio alikuwa amelipata kihalali. Kwa miaka ishirini aliegemeza sikio kwenye boneti, akafumba macho, kisha akautaja ugonjwa wa gari, na watu wakabaki midomo wazi. Sasa mdogo wake alikuwa amerudi kutoka chuoni na kimashine cha kupimia magari, cha kuchomeka chini ya dashibodi, na wateja walewale walimpita kaka mtu kana kwamba ni tairi bovu. Wivu ulimshika. Mtu yeyote akicheka na Daktari, yeye alihisi anachekwa.

Saa nne hivi akaingia nesi wa zahanati ya jirani na gari lake dogo jeupe. Usukani ulikuwa mzito ghafla, na taa ya njano yenye picha ya usukani ilikuwa imewaka.

"Mafuta ya usukani yameisha," Masikio akadakia kabla hajaulizwa.

"Kaka, hili halitumii mafuta," Daktari akasema kwa upole. "Usukani wake unasaidiwa na mota ya umeme."

Nesi akatabasamu. Kidogo tu, lakini Masikio aliona.

Daktari akapima betri, nzima. Fyuzi, nzima. Akaufuata waya wa mota mpaka kwenye soketi iliyojaa kutu ya kijani, akakata, akaunga mpya. Taa ikazimika. Ikabaki kazi ya mwisho, ile ambayo mafundi huiita kulifundisha gari: usukani unawekwa katikati sawasawa, unabonyeza kitufe kwenye mashine, na gari linajua kwamba hapo ndipo mbele.

"Usiguse, kaka. Nanawa mikono nakuja," Daktari akasema, akaenda bombani.

Masikio akaingia kwenye gari. Alitaka aibu tu, si zaidi: nesi arudi kesho akilalamika kwamba gari linavuta upande. Akauzungusha usukani mpaka magurudumu yakaelekea bombani, pale alipoinama mdogo wake. Roho ilikuwa inamuuma. Akanong'ona, "Mbele yako ni huyo. Mfuate huyo." Akabonyeza kitufe, akarudisha usukani katikati, akatoka.

Daktari aliporudi alikuta mashine imeandika kwamba kazi imekamilika. Akakunja uso.

"Kaka, umegusa?"

"Niguse nini? Si umenikataza?"

Daktari akajicheka kwamba anazeeka, amebonyeza mwenyewe akasahau. Gari likaondoka.

Kesho yake nesi alirudi na gari lake. Alikuwa anaelekea kazini, akasema, usukani ukageuka mikononi mwake. Akaurudisha, ukagoma. "Limenileta hapa lenyewe." Aliliacha katikati ya uwanja, mbali na ukuta, akasimama barabarani.

Daktari alichomoa betri akaiweka chini, mbali. Akaanza kukagua waya upya. Hapo ndipo Masikio, akiwa mlangoni, aliposikia mpira ukikwaruza saruji.

Magurudumu ya mbele yalikuwa yanageuka.

Mdogo wake alikwenda kwenye meza ya vifaa. Yakageukia mezani. Akaenda bombani. Yakageukia bombani. Betri ilikuwa palepale chini, na ndani ya gari hamkuwa na mtu.

Masikio alijua. Neno moja lingetosha. Lakini nesi alikuwa anatazama, na kukiri mbele ya yule mwanamke aliyetabasamu alipokosea jana kulimshinda. Hata saa ile, wivu ulikuwa na nguvu kuliko hofu.

Daktari akapiga magoti ukutani kuokota bisibisi. Mgongo wake ulikuwa kwa gari.

Gari likaanza kwenda.

Uwanja ule hauna mteremko. Masikio alikimbia, akaingiza mikono dirishani, akaukamata usukani. Akavuta. Haukusogea. Upande wa pili kulikuwa na nguvu inayovuta kama yake, haizidi, haipungui. Akavuta zaidi. Nayo ikavuta zaidi.

"Ni mimi!" akapiga kelele. "Niligusa! Nilikuonea wivu, mdogo wangu, ni mimi!"

Gari likasimama. Bampa ilikuwa imegusa shati la Daktari.

Daktari hakugombana. Alikusanya vifaa vyake, akamtazama kaka yake, akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuuliza, kaka." Akaondoka, na hakumwambia mtu anakohamia. Gari lilikatwakatwa likauzwa chuma chakavu.

Ukimuuliza Masikio leo kama bado anamwonea wivu mdogo wake, anasema yamekwisha.  Lakini mke wake anajua kwamba mumewe analala akiwa amenyooka vizuri kitandani, na alfajiri anamkuta amelala mkingamo, miguu imeelekea dirishani. Humgeuza, naye hurudi palepale taratibu, usingizini, mzito kama jiwe. Kila siku dirishani, kwa mwaka mzima.

Juzi alfajiri miguu ilikuwa imeelekea mlangoni.

Mke alitoka nje na simu, akampigia shemeji yake, akanong'ona, "Shemeji, umehama?"



"Jana jioni," Daktari akasema. "Nani kawaambia?"