Harufu Iliyokaa Chini

Kila asubuhi, kabla ya kufanya kazi nyingine, Mwamini alilipangusa jiko lake.

Lilikuwa jiko jeupe la gesi, lenye mafiga manne juu na tanuri chini. Lilisimama sebuleni, kati ya redio na kabati la vyombo, ili mgeni akiingia alione kwanza. Mumewe, Feruzi, alikuwa na lori la mizigo. Alilipata jiko hilo kwa mfanyabiashara Mreno aliyefunga duka lake na kuondoka Kolwezi. Miaka hiyo ya Zaire, wageni wengi walikuwa wakiondoka, na vitu vyao vilibaki katika nyumba za watu.

Wanawake wa mtaa walikuja kulitazama. Wao walipika uani kwa mbabula, jiko la makaa, huku wakipepea na kufuta machozi.

"Mama Nuru, weye umefika Ulaya bila treni!" walimtania. Nuru lilikuwa jina la binti yake mdogo.

Mwamini alicheka, lakini moyoni alivimba kidogo. Alilifumia jiko kitambaa cha krosheti. Chupa ya gesi, iliyosimama kando ya jiko, aliifumia gauni zima lenye maua. Gauni liliifunika kuanzia shingoni hadi sakafuni. Lilifunika pia tiyo, ule mpira unaopeleka gesi kutoka kwenye chupa hadi kwenye jiko.

Tiyo ilikuwa imezeeka. Siku moja Feruzi aliona imepasuka kidogo karibu na shingo ya chupa. Hakuhangaika. Alikata ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, akauzungusha pale palipopasuka, akaukaza kwa nguvu zake zote.

"Hii ndiyo dawa ya madereva," alisema. "Kwa mpira kama huu mi nilifunga tiyo ya maji ya lori, nikatoka Mutshatsha mpaka hapa. Hata tone moja halikuanguka."

Mwamini alishusha gauni la chupa. Wote wawili wakasahau.

Mvua zilipoanza, mama yake Feruzi alikuja kwa treni kutoka Kongolo. Aliitwa Sikudhani. Alikuwa mjane, na Feruzi ndiye mtoto pekee aliyebaki naye. Feruzi alitaka mama azeekee kwake. Mama alishuka stesheni na mkeka wa kusalia, kisanduku cha bati, na kikapu kikubwa cha samaki wa mto Lualaba waliokaushwa kwa moshi.

"Ni wa mjukuu wangu," alisema. "Mtoto asiyekula samaki wa kwao atawasahau watu wa kwao."

Kikapu kilitundikwa juu sebuleni, panya wasikifikie. Mvua ilinyesha sana, na madirisha yalifungwa mchana kutwa. Haukupita muda, nyumba ikaanza kunuka. Ilikuwa harufu kama ya kitunguu kilichooza. Ilikuja ikaondoka, ikarudi tena.

"Ni samaki wa mama," Mwamini alimwambia mumewe.

"Samaki hawa nimewala tangu utoto. Hawanuki hivi."

"Weye unashinda na mazutu, mafuta haya ya lori. Pua yako itajua nini?"

Feruzi alicheka, akaenda kwenye safari zake. Mwamini alibaki na harufu. Kila siku uvumilivu wake ulipungua. Asubuhi moja alisema kwa sauti, kama mtu anayezungumza na ukuta, "Jamani, nyumba hii imekuwa soko la samaki."

Sikudhani alisikia. Alikishusha kikapu, akakipeleka nje chini ya paa.

Harufu haikuondoka. Mwamini aliona kwamba kikapu bado kiko karibu mno. Mama mkwe alipoingia kuoga, alikibeba kikapu hadi nyumba ya jirani. Huko aliishi Mama Ntumba na mumewe Tshibangu. Walikuwa watu wa asili ya Kasai. Wazazi wao waliletwa zamani kufanya kazi mgodini. Mama Ntumba alifundisha kwenye fwaye, nyumba ambako wanawake walijifunza kushona, kupika na kutunza nyumba. Zamani aliitwa Elise. Serikali ilipowaambia watu waache majina ya kizungu, alichukua jina la bibi yake. "Jina la Elise bamelichukua," alipenda kusema, "lakini akili ya Elise bameniachia."

"Mama mkwe amekutumia samaki," Mwamini alimwambia. Alisema huku akitazama sakafu, kwa maana hakuzoea kusema uongo.

Siku chache zilipita. Sikudhani alitazama mara kwa mara mahali kikapu kilipokuwa. Hakuuliza. Mchana mmoja wa mvua, Nuru alikuwa amelala kwenye godoro lake chini sebuleni. Sikudhani alikuwa amemaliza sala ya adhuhuri na alikuwa bado ameketi mkekani. Mwamini alishika kiberiti, tayari kuinjika sufuria ya sombe, majani ya muhogo. Mara hodi ikapigwa.

"Mama Sikudhani iko?" aliuliza Mama Ntumba, akikung'uta mvua begani. "Mi nakuya kusema aksanti."

"Karibu, mwanangu. Aksanti ya nini?"

"Ya samaki, mama! Tata Tshibangu alikula mpaka akalamba vidole kama mutoto. Ananiuliza, hawa bantu ya Kongolo balituficha wapi samaki hii miaka yote?"

Mwamini aliinamia sufuria, akajifanya anaitafuta chumvi.

Sikudhani alimtazama Mwamini. Kisha akamtabasamia mgeni. "Samaki ni wa kuliwa. Nimefurahi kwamba mumefurahi."

Alisimama, akavuta kisanduku chake cha bati, akaanza kukunja nguo moja moja.

"Mwamini, mume wako akirudi, umwambie anikatie tikiti. Nitapanda treni mpaka Tenke. Pale nitapata ya kwenda kwetu."

"Mama! Kwa nini?"

"Mgeni hangoji afukuzwe. Akiona kikapu chake kimetangulia nje, anakifuata."

Mama Ntumba alitazama huku na huku. "Ee Mungu wangu! Kumbe si weye ulituma?"

Mwamini alitazama kisanduku kinavyojaa. Alijua kwamba Feruzi akirudi na kumkuta mama yake ameondoka, furaha ya nyumba ile haitarudi upesi. Tena alijua kosa ni la nani.

Sikudhani alifunga kisanduku. "Naacha neno moja hapa," alisema. "Samaki wameondoka. Harufu iko."

"Imeingia ukutani, mama," Mwamini alisema polepole.

"Ukutani? Mimi nasali hapa, kando ya jiko lako. Nikisimama, naisikia kidogo. Nikiinama, inazidi. Nikisujudu, paji la uso likiwa chini, inanijaa kifuani mpaka nakohoa. Samaki wangu walikuwa juu, mwanangu. Kitu cha juu kinanuka vipi chini?"

Mwamini alikuwa akisali chumbani. Hakuwahi kusujudu pale. Aliweka sufuria, akapiga magoti kwenye mkeka wa mama mkwe, akashusha uso hadi sakafuni.

Harufu ilimpiga mara moja. Haikuwa ya samaki. Ilitoka upande wa gauni la maua. Na godoro la Nuru lilikuwa hapo karibu, chini vilevile.

"Ni chini ya gauni," alisema akiinuka. Sebule ilikuwa na giza kwa sababu ya mvua. Alifungua kiberiti. "Ngoja niwashe nitazame."

"Hapana!" Mama Ntumba aliruka, akaukamata mkono wake. "Usiwashe! Weka chini!"

Mwamini alinyoosha mkono mwingine kwenye taa ya umeme.

"Na taa pia usiguse! Swichi ina cheche ndani, hata kama weye huioni. Mama, beba mutoto, toka naye kwa mlango wa mbele. Uani kuna mbabula ya majirani inawaka chini ya paa, usipite kule."

Sikudhani alimnyanyua Nuru na godoro lake pamoja, akatoka. Mama Ntumba aliingiza mkono chini ya gauni, akaifunga robine, koki ya chupa. Kisha yeye na Mwamini walifungua madirisha na milango, wakamfuata Sikudhani nje.

Walisimama mbali kidogo na nyumba, chini ya paa la Tshibangu. Mvua ilikuwa ikidondoka mbele yao. Nuru aliendelea kulala begani mwa bibi yake.

"Ni gesi," Mama Ntumba alisema. "Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi kama moshi. Inashuka, inatambaa chini kama maji, inajikusanya pembeni. Ikikutana na moto, nyumba inalipuka. Yenyewe haina harufu. Kiwandani banaitia harufu mbaya makusudi, pua itusaidie."

"Na pua ya mama ilitusaidia," alisema Mwamini.

"Ndiyo. Lakini shiye hatukuisikiliza."

Mwamini aligeuka. Alimwona yule mzee amemkumbatia mtoto kwa mikono miwili. Mara ngapi mama huyu aliinama pale, akavuta harufu ile, akanyamaza? Alinyamaza kwa sababu yeye Mwamini alikwisha kumfunga mdomo.

"Mama," alisema, "nilisikia harufu, nikatafuta mtu wa kulaumu. Sikutafuta inatoka wapi. Nisamehe."

Sikudhani alimfunika Nuru miguu kwa kitenge.

"Siwezi kumwacha mjukuu wangu na jiko linalovuja," alisema mwishowe. "Treni itaningoja mpaka jiko lipone. Baadaye tutaona."

Feruzi aliporudi alikuta chupa imetolewa nje, uani, bila gauni. Mbabula ya jirani ilikuwa imezimwa. Mvua ilikuwa imekatika. Walimweleza yote.

"Si mpira wangu," alisema. "Mpira ule nimeukaza mwenyewe."

Mama Ntumba hakubishana naye. Alichukua bakuli, akakoroga sabuni na maji mpaka povu likawa zito. Akalipaka kwenye tiyo, pale palipofungwa, akaikunja na kuibana ncha iliyochomolewa kwenye jiko. "Sasa fungua robine kidogo tu, tata Feruzi."

Feruzi alifungua. Povu lilivimba taratibu kama jicho la chura. Likapasuka. Likavimba lingine.

"Funga!" alisema Mama Ntumba. "Umeona? Hivi ndivyo tunatafuta mahali panapovuja. Kwa sabuni. Si kwa kiberiti, hata siku moja."

Feruzi aligusa ukanda wake. Ulikuwa umelainika na kunata vidoleni.

"Gesi inaula mpira wa tairi polepole," alieleza Mama Ntumba. "Mpira ule ni mzuri kwa maji, si kwa gesi. Lori ikivuja maji, unasimama njiani, unaitukana. Nyumba ikivuja gesi, nani atabaki wa kutukana?"

Feruzi alimtazama mama yake, kisha binti yake. Alichomoa kisu mfukoni, akaikata tiyo vipande, mtu mwingine asije akaiokota na kuitumia.

Safari iliyofuata ilimpeleka Lubumbashi. Alileta tiyo mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya gesi, na vibano vyake vya chuma vya kuikazia pande zote mbili. Fundi wa duka la gesi alikuja kuifunga. Wakati wa kungoja, Mwamini alipika kwa mbabula uani.

"Mama Nuru, umesharudi kutoka Ulaya?" wanawake waliuliza.

"Treni iliharibika," alijibu. Wote wakacheka, na yeye akacheka zaidi yao.

Jumamosi moja, watu wakitoka kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, Feruzi na Tshibangu walilibeba jiko hadi jikoni nyuma ya nyumba. Jikoni kulikuwa na dirisha pana. Mama Ntumba alisema dirisha peke yake halitoshi.

"Gesi inashuka, si niliwaambia? Basi tuipe mlango chini."

Feruzi alitoa matofali mawili ukutani, karibu na sakafu, akaweka wavu. Chupa ilisimamishwa wima, mbali na mafiga. Mwamini alisogea na gauni lake la krosheti mkononi.

"Hapana, mama," Mama Ntumba alisema. "Chupa ya gesi haina haya. Iache uchi, tuione."

Sikudhani ndiye aliyetwaa bakuli la sabuni. Alipaka povu kila kiungo, akainama, akangoja. Hakuna kilichovimba. Kuanzia siku hiyo kazi ya povu ikawa yake. Kila chupa mpya ilipofungwa, hakuna aliyepika kabla yeye hajaikagua.

Kisha Mama Ntumba alimwonyesha Mwamini namna ya kuwasha. Kiberiti kwanza, gesi baadaye, si gesi kwanza. Moto uliwaka wa buluu kwenye mafiga matatu. La nne liliwaka njano na kupaka sufuria masizi. "Vitundu vyake vimeziba," alisema. Walizima, wakangoja lipoe, wakavisafisha kwa brashi. Likawaka buluu kama mengine. "Na ukimaliza kupika, funga mafiga, halafu funga robine ya chupa. Kila mara. Tiyo nayo, usingoje ipasuke. Ikianza kukakamaa, badilisha."

Mwamini alirudia kila neno. Halafu akamwomba jirani jambo moja kwa sauti ya chini. Mama Ntumba alikwenda kwake, akarudi na kile kikapu. Samaki walikuwa wamebaki wachache.

Mwamini aliwapika kwa nyanya na vitunguu, dirisha likiwa wazi. Harufu yao ilienea jikoni, ikaingia sebuleni, ikatoka mpaka barabarani. Feruzi, aliyekuwa akinawa mikono, aliinua kichwa.

"Mama, kunanuka nini?"

Sikudhani alikuwa sebuleni, amesujudu mahali pake pa zamani. Alimaliza sala yake bila haraka. Aliukunja mkeka, akautundika ukutani juu ya kisanduku cha bati, ambacho sasa kilikuwa kitupu.

"Chini hakunuki kitu," alisema. "Juu kunanuka samaki."

Mwamini akampakulia yeye kwanza.