Nyumba Iliyomsingizia Bi Tausi

Nyumba ya Bi Tausi Kalunde ilimjua mwenyewe kuliko jirani yeyote wa mtaa ule. Akikanyaga sakafu asubuhi, pazia linajivuta, birika linaanza kuchemka, na sauti nyororo inatoka koridoni: “Sabalkheri, Bi Tausi. Umelala kwa muda wa saa saba na dakika kumi.” Akipita mlango wa uani, mlango unatoa habari. Akiwasha jiko, jiko linatoa habari. Tabora nzima ya mwaka 2087 iliishi hivyo, na tuseme kweli, watu walipenda. Nani asiyependa kuchemshiwa chai?

Kazi hiyo ilifanywa na vihisi arobaini na kimoja, kila kimoja kadiri ya punje ya harage, vimebandikwa milangoni, jikoni na chini ya mazulia. Havikuwa na waya. Vilinong'ona kwa mawimbi hafifu ya redio, ili betri zidumu miaka kumi na miwili, na minong'ono yote ilikwenda kwenye ubongo-nyumba, kisanduku cheupe kilichounganishwa na mtandao kwa waya na kukaa ndani ya shubaka la korido. Ubongo-nyumba ukishasikia, unaandika, unaamua, unatangaza. Mbunifu wa mtambo huo alikuwa Mhandisi Sikudhani, na Sikudhani huyo ni mtoto wa pekee wa Bi Tausi. Hapo ndipo penye kisa.

Maana nyumba ilianza maneno. Ati Bi Tausi kaacha mlango wa uani wazi tangu asubuhi. Ati jiko linawaka saa ya nne sasa na hakuna kinachopikwa. Ati bibi katoka na hajulikani aliko, na mwenyewe anaapa alikuwa chumbani anafuma vitambaa. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani mambo yakachacha kabisa. Haikupita siku bila tuhuma.

“Mama, mlango umeuacha tena,” Sikudhani alipiga simu kutoka Dodoma anakofanya kazi.

“Nimeufunga, mwanangu.”

“Nyumba inasema uko wazi.”

“Basi njoo uishi nayo wewe, hiyo nyumba.”

Mafundi walitumwa mara tatu, kwa miadi, wakapima kihisi kimoja kimoja. Vyote vizima! Sasa vihisi vikiwa vizima, mgonjwa ni nani? Daktari mmoja akasema huenda ni saumu, kwamba ubongo wa mtu wa miaka sabini na minane hauhimili njaa. Sikudhani akamsihi mama yake asifunge. Mama akabisha siku nane, na siku ya tisa akala mchana, peke yake, jikoni, kwa aibu.

Idi ilipopita, alama za usalama za nyumba zilikuwa zimeshuka hadi thelathini na moja. Chini ya arobaini, sheria inasema mzee ahamishiwe Jumba la Utulivu, ghorofa kumi na nane nje ya mji, ambako roboti wanawalisha wazee kwa kijiko na kuwaimbia. Ilibaki mtoto aridhie kwa dole gumba lake.

Jumatatu ya pili baada ya Idi, saa tatu asubuhi, Baraza la Makazi likaja. Mwenyekiti, Daktari Kapufi, alikuwa mtu mnene mwenye adabu, na alikuja na wajumbe wawili waliokunja uso tangu mlangoni. Sikudhani alifika kwa treni ya alfajiri. Bi Tausi aliwapokea kwa doti mpya ya khanga, kahawa na kashata.

“Shikamoo, mama,” alisema Daktari Kapufi.

“Marahaba, baba. Karibuni. Mgeni njoo, mwenyeji apone.”

Wakaketi. Daktari akafungua ubao wake wa kioo, akasoma makosa yote, mia mbili na kumi na manne. Kisha akauliza kwa upole, “Mama, leo mlango wa uani umeufunga?”

“Nimeufunga,” alisema Bi Tausi. Halafu akageuza shingo kuelekea uani. “Nadhani nimeufunga.”

Sikudhani alisikia ile “nadhani” ikimchoma. Mama yake hakuwahi kudhani maishani. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akipika pilau ya watu mia sita bila kupima chumvi! Akakitazama kile kioo, na dole gumba lake likawa zito.

Mara kelele uani. Vicheko, mlio wa bajaji inayojiendesha, na sauti ya Mama Chausiku, mwenyekiti wa Chama cha Tupendane: “Hodi! Shughuli imekwisha, bibi harusi kaenda zake, tumekurudishia wanao!”

“Lo, na leo nina wageni!” Bi Tausi aliinuka mbio, akafungua mlango wa uani, akatoka. “Chausiku wee, leo siyo! Wawekeni hukohuko uani!”

Lakini wanawake wanane wenye masufuria vichwani hawasimamishwi hivi hivi. Waliingia moja kwa moja, kama walivyozoea, wakayapanga palipozoeleka: masufuria kumi na manne ya alumini, makubwa ya kupikia watu, moja juu ya jingine mbele ya shubaka la korido, mifuniko ikiegemezwa ukutani. Ni mali ya chama. Harusi au msiba, yanatoka, na yakishasuguliwa yanarudi kwa Bi Tausi, mtunzaji tangu zamani.

Bi Tausi akarudi ndani, akafunga mlango, akaja akiomba radhi. “Mnisamehe, baba zangu. Mgeni hapokelewi na masufuria. Kila nikipata ugeni huyaondosha. Hata mafundi walipokuja niliyatoa uani, wasije wakasema nyumba yangu ghala.”

Akaketi, akammiminia Daktari kahawa ya pili. Daktari akaendelea kusoma. Zikapita dakika kumi hivi, na ghafla sauti nyororo ikatoka nyuma ya masufuria, imebanwa kidogo:

“Tahadhari. Bi Tausi ametoka nje na hajarudi. Mlango wa uani uko wazi. Nawaarifu jamaa zake.”

Bangili ya Sikudhani ikalia: MAMA YAKO AMEPOTEA.

Wote wakamgeukia aliyepotea. Alikuwa ameshika dele la kahawa, mdomo wazi.

“Mimi huyu?” aliuliza Bi Tausi.

Mama Chausiku, aliyekuwa bado kasimama kizingitini mwa sebule, aliangua kicheko. “Jamani! Au tunaongea na jini?”

Sikudhani alikwenda uani akautazama mlango. Umefungwa, na komeo juu. Akarudi koridoni. Wanawake walikuwa wameshaanza kuyanyanyua masufuria kwa kuwaonea haya wageni, akapiga ukelele: “Yaacheni! Yaacheni hapohapo, mama zangu!”

Akasimama akiyatazama, na hesabu ikajipanga yenyewe kichwani. Alumini haipitishi mawimbi ya redio. Vihisi vyake vinanong'ona. Ukiweka ukuta wa alumini mbele ya sikio, mnong'ono haufiki. Na mtambo usiposikia, unashikilia habari ya mwisho na kuitangaza kama ndiyo ya sasa. Bi Tausi alipotoka, ilisikika. Aliporudi na kufunga mlango, masufuria yalikuwa tayari yamesimama.

“Daktari, nisomee makosa kwa siku,” alisema. “Jumamosi na Jumapili?”

Daktari akapekua. “Ukitoa Ramadhani, hakuna. Ajabu. Yote ni katikati ya juma.”

“Na Ramadhani?”

“Kila siku, mwezi mzima.”

“Kwa sababu Ramadhani hakuna harusi!” Mama Chausiku alidakia. “Masufuria yalikaa hapa mwezi mzima!”

“Toeni,” alisema Sikudhani. Yakatoka. Punde tu nyumba ikasema, “Bi Tausi yuko sebuleni. Mlango wa uani umefungwa.” Yakarudishwa. Bi Tausi akaambiwa awashe jiko, halafu azime. Kimya, nyumba haikujua hata moja. Wakarudia mara tatu. Mara ya tatu Daktari Kapufi alivua koti, akabeba sufuria kubwa kuliko yote mwenyewe, jasho likimtiririka, na wale wajumbe wa kukunja uso wakabeba mifuniko.

“Mama,” alisema Daktari akihema, “huna kosa hata moja. Hii nyumba ndiyo iliyochanganyikiwa.” Akayafuta makosa yote mia mbili na kumi na manne palepale.

Basi vigelegele vilivyopigwa, hata majirani walitoka. Mama Chausiku alitwaa mfuniko akaupiga kama tari, na Bi Tausi alicheza, khanga mpya na yote, akizunguka shubaka. Alikuwa kwake, na hakuna wa kumtoa!

Sikudhani alicheka nao, kisha akaenda kufunga mlango wa uani baada ya wageni kuondoka. Nyuma ya ubao wa mlango akaona mistari ya chaki, midogo, mitanomitano, imejaa tangu juu mpaka kwenye bawaba.

“Mama, hii nini?”

Bi Tausi aliigusa mistari kwa kidole. “Kila nikifunga, napiga mstari. Usiku nikilala nasema labda kweli sikufunga, basi naamka nakuja kuihesabu. Mlisema wote, mwanangu. Nikaanza kuamini.”

Sikudhani alipiga magoti palepale mbele ya mama yake, akalia kama mtoto. “Siku ile nafunga kisanduku uliniambia, hapo ni mahali pa masufuria. Sikukusikia. Nimeiamini punje ya harage, nikakuacha wewe uliyenizaa.”

“Inuka. Saumu zangu ishirini na mbili ndizo zinaniuma, mengine yamekwisha.”

“Utazilipa. Na mimi nitafunga pamoja nawe, kila siku yako.”

Akafunga naye zote. Na katika siku hizo, kati ya daku na futari, aliurekebisha mtambo. Kukihamisha kisanduku juu ya mlango lilikuwa jambo la dakika tano. Kilichomchukua majuma matatu ni neno moja. Kihisi kisiposikika, ubongo-nyumba sasa ulikatazwa kukisia, ulipaswa kukiri. Mama yake aliposema “nadhani” alionekana mgonjwa, na mashine isiyokiri kutojua ikaaminiwa. Neno hilo likaingia katika nyumba elfu tisini za nchi nzima, na wazee mia tatu na sita wakarudishwa makwao kutoka Jumba la Utulivu.

Siku ya ishirini na mbili, karibu na magharibi, Sikudhani alikuwa Dodoma, tende mkononi, akisubiri adhana. Akaiuliza nyumba ya Tabora kwa bangili: “Mama anafanya nini?”

Masufuria yalikuwa yametoka harusini siku ile, safari hii yamepangwa hadi kukiziba kisanduku huko juu ya mlango.

“Sijui,” ilijibu nyumba. “Muulize mwenyewe.”

Akapiga simu, na mama yake akapokea kwa mlio wa kwanza.