Nafasi Moja Baada ya Nyota

Kila Jumamosi asubuhi, akishafagia na kuosha vyombo vya kifungua kinywa, Chiriku alikwenda kwa shangazi yake, nyumba ya tatu kutoka kwao. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu ya kusema bila kituo. Ajabu ni kwamba kazi aliyoipenda kuliko zote ilimtaka anyamaze.

Shangazi alikuwa msomaji. Alisoma vitabu vya shule kwa sauti na kuvirekodi ili wanafunzi wasioona wavisikilize. Chumba chake cha kazi kilikuwa kidogo, na kuta zake alizifunika kwa mablanketi mazito ili kuzima mwangwi. Kabla ya kuanza alivua bangili zisigongane, akanywa mafunda matatu ya maji ya uvuguvugu, kisha akakisogelea kipaza sauti. Akifungua kinywa chake, hata habari za kutu ya chuma ungetamani zisiishe.

Kompyuta yake ilikuwa kuukuu. Ofisi moja ilikuwa imeamua kuitupa, Shangazi akaiomba, akaiwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, nayo ikafanya kazi kama haijawahi kuugua.

"Kwa nini usitafute mpya, Shangazi?" Chiriku aliwahi kumwuliza.

"Hii inarekodi, inahifadhi, na nikitaka kujua inafanyaje kazi hainifichi kitu," Shangazi alijibu. "Mpya itanisomea vitabu?"

Chiriku alimhusudu sana shangazi yake, ila kwa jambo moja alimwonea aibu. Yeye Chiriku alikuwa ameshajifunza kutumia dirisha jeusi, lile ambalo mtu huandika amri kwa maneno na kompyuta ikatii. Shangazi naye alilijua vizuri. Hata programu fupi ya kuunganisha vipande vya sauti alikuwa ameiandika mwenyewe kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Lakini alipotaka kufuta faili, alishika kipanya, akaliburuta taratibu hadi kwenye picha ya kapu la taka. Fundi mzima, anafuta kwa kipanya kama mtoto wa chekechea!

Jumamosi moja kazi kubwa ilikuwa imekamilika. Kitabu kizima cha sayansi, sura kumi na nne, kilikuwa kimerekodiwa kwa muda wa wiki tatu. Mwalimu wa wanafunzi wasioona angekuja saa tisa alasiri kukichukua, kwa kuwa mtihani ulikuwa Alhamisi.

"Nisaidie kitu, mwanangu," Shangazi alisema huku akitafuta viatu. "Yale mafaili ya muda, yanayoishia na nukta tmp, yatie kapuni. Mimi namwona mgonjwa hapo jirani, sikawii."

"Sawa, Shangazi."

Mlango ulipofungwa tu, Chiriku alikisukuma kipanya kando. Kapu la nini? Alifungua dirisha jeusi na kuandika amri ya kufuta. Baada yake aliweka alama ya nyota, ambayo huiambia kompyuta "chochote kile", kisha akataka kubandika hapo hapo nukta na tmp. Vidole vilikuwa na haraka kuliko macho. Kati ya nyota na nukta kidole gumba kiligusa kitufe kirefu, ikaingia nafasi moja. Akabonyeza kitufe cha kukubali.

Kompyuta ilijibu kwamba haikuliona faili liitwalo ".tmp".

Chiriku alikunja uso. Alifungua kabrasha la kitabu cha sayansi. Lilikuwa tupu. Alilifunga, akalifungua tena, kana kwamba mafaili yalikuwa yametoka nje kidogo. Ndipo alipoiona ile nafasi. Ilikuwa imeitenga nyota na maneno yaliyoifuata, na nyota peke yake maana yake ni kila kitu. Alikimbilia kapuni. Hapakuwa na kitu, maana amri ya dirisha jeusi haipitishi mafaili kapuni.

Wiki tatu za sauti ya Shangazi! Na wale wanafunzi watafanya mtihani kwa kusikiliza nini?

Wazo la kwanza lililomjia halikuwa zuri. Angesema umeme umekatika. La pili halikuwa bora: angerekodi upya sura ya kwanza, na ya pili, huenda Shangazi akakawia. Alikamata kitabu, akawasha kipaza sauti, akaanza kusoma. Alisoma ukurasa, akasoma wa pili. Alipojisikiliza alisikia sauti nyembamba inayotetemeka. Hiyo hata kipofu, tena hasa kipofu, angejua si ya Shangazi.

Alizima kipaza sauti. Aliona aibu, tena akaona hofu, lakini akapiga moyo konde, akatoka mbio hadi kwa jirani.

"Shangazi, nimefuta kitabu chote. Sikutumia kapu. Niliandika amri, nikaikosea. Halafu nikaanza kurekodi upya ili usijue." Alimaliza kwa pumzi moja, kisha akalia. "Maji yameshamwagika."

Shangazi alisimama, uso umembadilika. Hakupiga kelele. "Baada ya kufuta, umerekodi kiasi gani?"

"Kurasa mbili."

"Usiguse kitu kingine. Twende! Haya maji bado yanazoleka tukiwahi."

Walipofika, Shangazi aliizima kompyuta na kuchomeka flashi yenye Linux nyingine pamoja na programu ya kuokoa mafaili. Mikono yake ilikwenda bila pupa, kila hatua akiisoma mara mbili kabla ya kukubali.

"Sikiliza," alisema. "Ukifuta faili, sauti haipotei papo hapo. Kompyuta inalifuta jina kwenye orodha yake tu, ikahesabu pale mahali ni patupu. Ukiandika kitu kipya, ndipo kinapoangukia juu ya kile cha zamani. Ndiyo maana nimekuuliza umerekodi kiasi gani."

Ilipofika saa sita, programu ilikuwa imeokoa sura kumi na mbili. Zote hazikuwa na majina, bali tarakimu ndefu zisizo na maana. Sura ya tisa na ya kumi zilikuwa zimekatikakatika, hazifai.

"Naandika programu ya kuyapa majina!" Chiriku aliruka.

"Mafaili kumi na mawili?" Shangazi alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Yangekuwa mia mbili ningekuunga mkono. Vaa vipokea sauti, sikiliza kila moja, andika jina kwa mkono. Na kipanya hakiumi."

Alisikiliza faili moja baada ya jingine, akaandika majina hadi shingo ikamuuma. Saa tisa Mwalimu alibisha hodi, akapokea flashi, akahesabu. "Mbona mbili hazipo?"

Shangazi alimgeukia Chiriku. Chiriku alisogea mbele. "Nilizifuta mimi, Mwalimu. Shikamoo."

Mwalimu aliangua kicheko kwa salamu ile iliyokuja mwisho. "Marahaba. Basi Jumatatu njoo uwasomee hizo mbili wewe mwenyewe."

Jumatatu baada ya masomo Chiriku alisimama mbele ya wanafunzi kumi na mmoja, Shangazi amekaa nyuma. "Wewe ndiye uliyefuta?" msichana mmoja aliuliza. "Ndiyo, ni mimi," alijibu, darasa zima likacheka, kisha likatulia kumsikiliza. Alisoma polepole, neno kwa neno, sura zote mbili, na hakuna aliyechoka.

Walipokuwa wanarudi nyumbani, Shangazi alimshika mkono.

"Uliona kipanya ni cha wasiojua, siyo? Fundi hachagui chombo cha kujionyesha, anachagua kinachomlinda anapokosea, na mimi hukosea sana. Hilo nitakufundisha. Lakini lipo kubwa zaidi. Ungekaa kimya ukaendelea kurekodi, ungezifunika sura zote kumi na nne, nisingeokoa hata moja. Uongo ndivyo ulivyo, unaandika juu ya kile ambacho bado kingeweza kuokolewa. Ulikuja mapema, mwanangu. Kumi na mbili zile si programu iliyoziokoa, ni miguu yako."