Kalamu ya Mama

Mimi nafungua madaftari, mama anatia vema au kosa. Ndiyo kazi yetu ya kila jioni tangu mama aongezewe darasa jingine la kufundisha. Siku hiyo rundo lilikuwa bado refu nilipoona jambo.

"Mama, huyu mbona umemkosesha? Jibu lake ni sahihi."

Mama akatazama. Akavuta daftari jingine, kisha jingine. Yote yalijaa makosa mekundu. Alikuwa akisahihisha madaftari ya darasa la nne kwa majibu ya darasa la tano.

"Usimwambie mtu," akasema polepole. "Watasema sifai."

Roho yangu haikutulia. Siku hizi mama halali vizuri. Juzi alinifokea kwa sababu ya kijiko, halafu akashika kifua na kuketi chini.

"Hodi wenyewe!" Alikuwa jirani yetu, mwalimu mwenzake, ambaye watoto humwita Shangazi Chaki kwa vile nguo zake hazikosi vumbi jeupe. "Nimekuja kuazima chumvi. Kama hakuna, nipeni hata umbea. Hamjambo?"

"Hatujambo," mama akajibu haraka.

Nikaona nikikaa kimya mama ataumia. "Shangazi, mama hajambo wapi? Halali. Na kifua kinamsumbua."

Mama alinikazia macho. Shangazi Chaki akavuta kiti.

"Mwenzangu, na wewe pia? Mimi nilimfokea mtoto kwa kupiga chafya! Nikaenda kujifungia chooni, nikalia. Nikadhani ni mimi tu."

Mama akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. Kisha akamwonyesha yale madaftari aliyoyakosesha.

"Kesho kwanza tunapita zahanati, hicho kifua kipimwe," Shangazi Chaki akasema. "Kisha tunaingia kwa mwalimu mkuu, mimi na wewe. Tumwombe darasa moja lipate mtu mwingine. Na kusahihisha tusaidiane shuleni, mchana."

"Akikataa?"

"Atatukataa tukiwa wawili. Kuchoka si aibu, dada. Ukificha, unaumia wewe, na watoto wanakoseshwa bure."

Mama akanigeukia. "Nilikukataza kusema kweli, mwanangu. Nilikosea. Mtu wako akiumia, sema kwa mtu mzima unayemwamini, hata kama umeambiwa unyamaze."

Nikaitikia, nikanyoosha mkono nifungue daftari lililofuata. Mama akalifunika kwa kiganja, akafunga kalamu yake.

"Liache," akasema. "Hayo ni ya kesho."