Chumba cha Uani

Dobi huamka kabla ya jogoo. Jogoo anapowika, yeye ameshajaza mabeseni matatu: la kuloweka, la kufua na la kusuuza. Mikono yake haijui kukaa bure. Ukipita karibu naye na shati lenye doa, jihadhari. Atakuvua.

Mumewe ni mwashi. Nyumba nyingi za mji ule mdogo alizijenga yeye. Sasa hakuna aliyekuwa akijenga. Ndiyo maana mkoba wake mweusi ulikaa nyuma ya mlango, umejaa nguo, mwiko na timazi ya kupimia kuta. Mwisho wa mwezi angekwenda mji wa mbali kutafuta vibarua. Angerudi lini, hakusema.

"Tuna chumba cha wageni," Dobi alimkumbusha.

Chumba hicho cha uani walikijenga pamoja, barabara ya kwenda kwenye maporomoko ya maji ilipowekwa lami. Kilikuwa na kitanda, chandarua, meza na taa.

"Chumba kipo. Wageni wako wapi?" mwashi aliuliza. "Wamekuja wanne. Kila mmoja amelala usiku mmoja, akakimbia kama ameona chatu. Siku mgeni atakapolala usiku wa tatu humo, nitaufungua mkoba."

"Useme mbele ya mama yako."

"Nimesikia," alisema Bibi, mama yake mwashi, kutoka jikoni. Masikio ya Bibi yalikuwa mazito ukimtuma, mepesi kwa mengine yote.

Jumatano akaja mgeni wa tano. Alikuwa mwalimu wa kike kutoka jimbo la jirani, na viatu vyake vilikuwa tope tupu.

"Mjini kuna mahali pa kunywa chai?" aliuliza. "Na fundi viatu? Soli imeachia."

"Usijisumbue, mwalimu. Kila kitu kipo hapa hapa," Dobi alijibu. Moyoni alisema: mgeni ni wangu, kwa nini akamnufaishe Muuza Chai? Akafunga geti kwa kufuli. Ufunguo akautia kifuani.

Kulipopambazuka, Dobi aliliona begi la mgeni kibarazani. Lilikuwa na matope. Nguo za ndani yake zilikuwa na matope pia. Mikono ikamwasha. Akafua suruali, mashati, soksi na kofia. Akafua viatu. Mwisho akalifua na begi lenyewe.

Mwalimu aliamka akaomba suruali. Suruali zote zilikuwa kwenye kamba, zinachuruzika. Jua nalo siku ile lilikuwa limekwenda matembezini.

Mwalimu alishinda chumbani amejifunga shuka. Bibi alimwonea huruma, akaenda kumliwaza. Alimsimulia magonjwa yake yote, kuanzia magoti kupanda juu. Walipofika kwenye figo, mgeni alifumba macho.

Saa kumi jioni alivaa nguo mbichi, akapanda basi. "Asanteni kwa ukarimu," alisema, akapiga chafya.

Mwashi aliutazama mkoba wake.

Kesho yake jirani yao, Mkata Tiketi, alikuja kuchukua sare yake. Mama huyu hukata tiketi kwenye lango la maporomoko. Aliposikia habari za suruali, alicheka hadi akakalia ndoo.

"Jirani, yule hukumpokea," alisema. "Ulimkamata."

"Nilimpa kila kitu."

"Isipokuwa alichokifuata. Alikuja kuona maporomoko, ukamwonyesha soksi zake zikichuruzika."

"Haya, nimwache azurure mjini awape wengine pesa. Mimi nitapata nini?"

Mkata Tiketi alifungua bomba la uani. Maji yakatoka kwa nguvu.

"Bomba hili lililetwa na nani?"

"Halmashauri."

"Na halmashauri ilipata wapi? Sehemu ilitokana na tiketi ninazokata. Wageni hao hawakujui, lakini wanakuchotea maji kila siku. Sasa nifuate polepole. Mgeni akinywa chai kwa Muuza Chai, Muuza Chai ananunua mayai na maziwa. Vitambaa vyake vya meza vinachafuka. Vinakwenda kwa nani?"

Dobi alilitazama beseni lake.

"Umeona? Pesa ya mgeni haikai mahali pamoja. Inapita mlango hadi mlango. Ofisi ya utalii ya jimbo imetuambia wageni wameongezeka mara mbili tangu lami ije. Wengi wanatoka humu humu nchini, kwa hiyo usingoje ndege itue uani kwako. Shida yetu ni moja. Wanakuja leo, kesho hawajui wafanye nini, wanaondoka. Akilala usiku mmoja, anaacha pesa ya kitanda tu. Akikaa siku tatu, anamfikia kila mtu."

"Sasa nifanyeje?"

"Muulize anataka nini. Mwonyeshe njia. Halafu mwache. Na ufunguo wa geti mpe yeye."

Neno hilo la ufunguo lilimkwama Dobi kama mfupa. Hata hivyo alikwenda kwa Muuza Chai, ambaye walikuwa wakisalimiana kwa kununa. Akaenda kwa Fundi Viatu. Wote wakakubali kuwapokea wageni atakaowaelekeza kwao. Mkata Tiketi akachora ramani juu ya kadibodi: chai hapa, viatu hapa, mwongozaji wa njia ya msituni hapa. Wakaitundika chumbani.

"Niandikeni na mimi," alisema Bibi. "Hadithi, kila jioni."

"Magonjwa hapana, mama," alisema Dobi.

"Magonjwa ni kwa watakaolala wiki."

Zikiwa zimebaki siku tano mwezi uishe, walifika mume na mke wapenzi wa ndege. Nguo zao zilikuwa na matope ya kuliza. Dobi alikunja vidole.

"Niwafulie?"

"Soksi tu, mama. Asante."

Akafua soksi tu. Bibi anasema hajapata kuona mtu akiteseka vile. Kisha akawapa ufunguo.

Siku ya kwanza wageni walikwenda kwenye maporomoko. Siku ya pili Fundi Viatu aliwashonea soli, na mwongozaji akawapeleka kuona ndege wanaojenga viota nyuma ya maji. Walirudi wamelowa, wanacheka. "Kesho tunarudi tena kule," walisema.

Asubuhi baada ya usiku wa tatu, chumba cha uani kilikuwa bado kinakoroma. Muuza Chai alibisha hodi, kabeba furushi la vitambaa.

"Shemeji," alimwambia mwashi, "watu wananiuliza kama nina pa kulala. Nataka vyumba viwili nyuma ya banda langu. Uje upime leo."

Mwashi aliufungua mkoba. "Natoa timazi tu," alisema, bila kumtazama mkewe.

Alirudi adhuhuri. Nyuma ya mlango palikuwa patupu. Mkoba ulikuwa kwenye kamba, katikati ya mashuka, unachuruzika.

"Kwani ulikuwa mchafu?"

"Ulikuwa na vumbi la safari," alijibu Dobi, akaendelea kusuuza.

Bibi aliugusa mkoba, akatikisa kichwa kama daktari.

"Kitambaa kizito hiki," alisema. "Kukauka kwake ni mwaka."