Tapeti Nane za Zlatina

Zlatina Karaivanova aliamka amechoka, na kwa miaka sita hivi hiyo ndiyo ilikuwa hali yake ya kawaida. Jumapili ile aliingia soko la spea, nje kidogo ya mji wa Plovdiv, amevaa jaketi la mvua la marehemu baba yake na hereni za dhahabu alizosahau kuzivua tangu arusi ya jana. Watu walikuwa wamejaa, kila mmoja ameinamia turubai, anapekua vyuma. Gari lake la kusambazia jibini lilikuwa limetembea kilomita laki tano na ushee. Sasa injini iligonga tak-tak-tak kiasi kwamba wenye maduka walijua anakuja kabla hajakata kona.

Kwenye turubai la Mzee Pencho aliona seti ya roka. Akaishika upande mmoja. Mkono wa mtu mwingine, wenye kucha nyeusi kwa oili, ukaishika upande wa pili.

"Nimeiona kwanza," alisema mwenye mkono.

"Wewe umeiona kwanza, mimi nimeishika kwanza. Achia, kaka."

"Unajua hata ni za nini?"

"Zinakaa juu ya injini, zinasukuma valvu. Zangu zimelika mpaka zinacheza."

"Nani kakwambia?"

"Masikio yangu. Na mafundi watatu waliokwisha kunila."

Mwanamume akaachia. Alikuwa mrefu, amekonda, sweta limetoboka kiwiko, macho ya mtu aliyelala vibaya kwa miaka. "Chukua. Ila zifungwe na mtu anayejua. Naitwa Yavor. Gereji yangu iko mtaa wa Trakia, nyuma ya soko la mboga."

"Uwe wa nne kunila?"

Mzee Pencho akacheka. "Mpelekee, mama. Huyu ni mzito wa kusema, lakini mkono wake haukosei."

Kesho yake gari lilivutwa kwa kamba hadi Trakia. Yavor akafungua injini, akatazama, akavuta pumzi.

"Valvu mbili zimeungua kingo. Roka na shafti yake zimekwisha, hizo tunabadilisha zote. Chini huku kamshafti, huu mhimili wenye nundu, na tapeti zake bado zina uhai. Wiki moja."

"Maduka yangu yatanivumilia wiki moja. Ya pili sijui."

Bila gari, Zlatina alijikuta na jioni tupu kwa mara ya kwanza tangu mumewe alipohamia Hispania na kusahau njia ya kurudi. Akawa anapita gereji na banitsa, mkate wa jibini, ya moto iliyofungwa kwenye taulo. Walikula wamekaa juu ya matairi. Hawakuongea mengi, na kila mmoja alimshukuru mwenzake kwa hilo. Maneno yalikuja kwa simu, akishafika nyumbani.

"Umefika?"

"Nimefika, nimevua viatu, na siinuki tena hata nyumba ikiungua."

"Hereni umevua?"

"Hereni zangu zinakuhusu nini, fundi?"

"Nazifikiria. Siku ile sokoni nilitazama hereni badala ya roka, ndiyo maana nikashindwa."

"Yavor, nina miaka arobaini na tatu. Usinibembeleze kama msichana."

"Mimi nina arobaini na saba, roho yangu. Sijui kubembeleza kwingine."

Alicheka peke yake jikoni, akashangaa kusikia sauti yake.

Alhamisi alimkuta Yavor hayupo, kaenda kutafuta bolti. Mezani, ndani ya trei ya mayai, zilipangwa tapeti nane, vikombe vidogo vya chuma, nyeusi tii kwa oili. Zlatina alikuwa amesimama dukani kwa binamu yake tangu alfajiri na miguu ilikuwa inamuuma. Hata hivyo alitaka kumfanyia mtu huyu jambo jema. Akazimimina zote kwenye beseni la dizeli, akazisugua moja moja kwa mswaki, akazikausha na kuzipanga upya zikimeta.

Yavor aliporudi alisimama mlangoni. Alizitazama tapeti, kisha akamtazama yeye, uso umechoka, mikono imekuwa myekundu kwa dizeli.

"Umeziosha," alisema.

"Zilikuwa chafu mno."

"Zilikuwa chafu kweli." Akamsogelea, akambusu kwenye paji la uso.

Jioni hiyohiyo akamwambia valvu alizomwagiza Mzee Pencho hazijafika kutoka jiji la Sofia. Wiki ikapita. Valvu bado. Ikapita nyingine. Duka la kwanza likapata mtu mwingine wa kuliletea jibini, halafu la pili.

Jumapili ya tatu Zlatina akashika njia mwenyewe hadi kwa Mzee Pencho.

"Valvu za Yavor zinakuja lini?"

"Valvu gani? Nimempa zamani, wiki ileile ya kwanza. Nzuri, mpya kabisa."

Zlatina alipiga simu papo hapo, katikati ya kelele za soko.

"Valvu zimefika?"

"Bado kidogo, mpenzi."

"Niko kwa Pencho."

Zlatina akasogea pembeni ya turubai.

"Nimekaa wiki tatu bila gari, Yavor. Maduka mawili yamekwenda. Wewe umenikalisha makusudi ili nikuletee chakula na kukuchekea. Mume wangu alinidanganya akiwa mbali, angalau. Wewe umenidanganya unanitazama."

"Si hivyo."

"Ni vipi basi? Sema."

"Nipe siku nne," Yavor akasema.

"Sikupi hata moja."

Usiku ule alilia kwa hasira, halafu akalia kwa uchovu tu. Asubuhi akampigia Ginka, binamu yake mwingine, aliyekuwa Bari, Italia, akiwalea wazee. Kulikuwa na bibi anayehitaji mtu wa kuishi naye nyumbani, kuanzia baada ya Pasaka. Zlatina akakubali. Kumlea mzee wa watu hakukuwa ndoto yake, lakini aliona huko angalau hatadanganywa na mtu anayempenda. Maana alikuwa anampenda, na hilo ndilo lililomuuma.

Wiki iliyofuata akaenda Trakia kuchukua funguo ili aliuze gari jinsi lilivyo. Ilikuwa Jumapili ya Matawi, siku ya wenye majina ya miti na maua, na Yavor ni jina la mti. Siku ya jina haina mwaliko, kila mtu huja. Zlatina alilijua hilo vizuri, akajiambia hakulikumbuka. Alikuwa amevaa gauni la buluu lililopigwa pasi.

Ubao ulilazwa juu ya mapipa mawili, wenye mkate, jibini na rakia, pombe kali ya matunda, na mafundi wanne wamesimama pembeni pamoja na Mzee Pencho. Gari lake lilikuwa uani, linaunguruma taratibu. Hakukuwa na mgongano wa chuma hata mmoja. Alisimama akisikiliza.

"Amefika huyo!" Mzee Pencho akasema kwa sauti. "Aliyeosha tapeti zote beseni moja!"

Wenzake wakaangua kicheko. Yavor hakucheka. "Pencho, nyamaza."

"Kuna nini?" Zlatina akauliza.

"Hajui," alisema Pencho, akishangaa. "Mama, kila tapeti ina nundu yake kwenye kamshafti. Zimelika pamoja miaka ishirini. Ukizichanganya zinatafunana, injini kwisha. Huyu kazunguka makaburi ya magari mpaka Stara Zagora akitafuta kamshafti nyingine na tapeti nane mpya. Jana ndiyo kaniambia kwa nini."

Zlatina akamshika Yavor mkono, akamvuta hadi nyuma ya gari.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umechoka. Na ulikuwa umefurahi. Sikuwahi kukuona umefurahi vile."

"Kwa hiyo ukaniacha nikuone mwongo."

"Nilidhani zitapatikana kesho yake. Halafu kesho yake tena. Nilifanya ujinga."

"Ujinga mkubwa. Nimepoteza maduka mawili kwa huruma yako, nikakubali kazi ya kulea bibi Italia." Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Nikiharibu kitu, niambie."

"Nitakuambia."

"Siku hiyohiyo."

"Siku hiyohiyo." Yavor akafuta mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa safi. "Basi nikuambie kimoja leo. Umeniharibia kula. Nikiweka chakula mbele yangu na wewe haupo, hakipiti. Nimejaribu. Usiende Italia, Zlatina. Tuoane."

Injini iliendelea kuunguruma. Zlatina alitoa simu mfukoni, akapiga Bari.

"Ginka, mwambie bibi yule atafute mtu mwingine."

Upande wa pili Ginka akapandisha sauti: kwa nini, kumetokea nini, nani huyo, anafanya kazi gani, ana nyumba au hana. Zlatina alisikiliza kidogo, kisha akampa Yavor simu.

"Mjibu wewe," alisema, akiketi kwenye kizingiti cha gari na kuvua viatu. "Mimi nimechoka."