Bahari Nyuma ya Lango

Kila alasiri akitoka shule, Swali alipitia saluni ya mama yake. Alifagia nywele zilizoanguka sakafuni, akaanika taulo, akawasalimu wateja mmoja mmoja, kisha akajipenyeza chumba cha nyuma. Huko ndiko kaka yake alikofanyia kazi, katikati ya mifuko ya nywele za bandia na chupa tupu za shampuu. Alikuwa na kompyuta kuukuu, feni iliyolia kama mbu, na gemu aliyokuwa akiitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Swali lilikuwa jina la utani. Mama alimpa siku alipouliza, mbele ya wateja, kwa nini nywele zinaota kichwani na hazioti kwenye ulimi.

Gemu yenyewe iliitwa Mji wa Mbuzi. Wachezaji waliingia kwa mtandao, kila mtu akiwa kwao, wakakutana katika mji mmoja. Walifuga mbuzi, walijenga vibanda, waliuziana maziwa sokoni, na waligombana kwa utani pale mbuzi wa mmoja alipokula paa la mwenzake. Mwisho wa barabara kuu palisimama lango refu la chuma ambalo halikufunguka.

"Kaka, nyuma ya lango kuna nini?" Swali aliuliza.

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu kama jangwani, au hakuna kitu kabisa?"

Kaka alicheka. "Kabisa. Sijapajenga bado. Ukivuka unaanguka tu, unaendelea kuanguka, huna pa kufikia."

Akamweleza jinsi mambo yalivyokuwa. Gemu haikuwa imekwisha, lakini kuiweka mtandaoni kulihitaji kulipiwa kila mwezi. Kwa hiyo aliamua kutoza kiingilio kidogo. Watu wangecheza kilichopo, na fedha zao zingemsaidia kumalizia kilichobaki. Wasipopatikana wachezaji wa kutosha, mwezi ukiisha gemu ingezimwa.

"Na mji je?"

"Utapotea wote."

"Na mbuzi wangu mwenye pembe moja?"

"Naye pia, mdogo wangu."

Neno hilo lilimkaa Swali rohoni. Kesho yake, wakati wa mapumziko, aliwakusanya wenzake darasani na kuwasimulia habari za Mji wa Mbuzi. Rafiki yake mkubwa alikuwa msichana waliyemwita Tarumbeta, kwa kuwa hata akinong'ona alisikika hadi ofisi ya walimu.

"Sasa hapo cha ajabu ni nini?" Tarumbeta alisema. "Mbuzi ninawaona bure kila siku, tena wananitafunia vitabu. Nilipie tena mbuzi wa kwenye simu?"

Wote wakacheka, wakaanza kuondoka. Swali aliona mji mzima ukizimika mbele ya macho yake. Hapo ulimi ukamteleza.

"Kuna lango! Nyuma yake kuna bahari."

Wakageuka. "Bahari?"

"Kubwa kabisa. Ina samaki wanaoongea."

"Wanaongea nini?"

"Wanadai nauli," alisema Swali. Darasa zima likaangua kicheko. Alipoona wamenogewa akazidi kutia chumvi: kuna kisiwa, kisiwani kuna jumba la kioo, na lango hufunguka kwa mchezaji mwenye mbuzi ishirini.

Wiki ile ile wenzake wakawabembeleza wazazi, na viingilio vikaanza kuingia kwenye simu ya kaka. Tarumbeta yeye alitumia hela yake mwenyewe, aliyopewa na mjomba wake kwa kumsaidia dukani likizo nzima. Kaka alimnyanyua Swali juu juu, akamzungusha hadi vichwa vya wateja vikageuka chini ya mashine za kukaushia nywele.

"Umewaambia nini, wewe mtoto?"

"Nimewaambia tu ni nzuri," alijibu Swali.

Haikuchukua muda wachezaji wakafikisha mbuzi ishirini. Wakajazana langoni, wakasukuma, wakabisha hodi, wakaleta hata mbuzi wao walisukume kwa pembe. Malalamiko yakaanza kuingia. "Bahari iko wapi?" "Tunataka kisiwa!" "Samaki wamegoma?"

Kaka alikuna kichwa. "Bahari gani? Mama, wewe umemwambia mtu kuna bahari humu?"

"Labda bahari ya shampuu," mama alijibu kutoka mbele, "maana chupa nzima imemwagika leo."

Swali alijiinamia na kushika ufagio. Hapo wazo likamjia. Kaka akiijenga hiyo bahari, uongo si utageuka kuwa kweli? Nani atajua?

"Kaka," alisema taratibu, "kwa nini usiijenge tu? Ndogo."

Kaka alitazama malalamiko, akatazama kalenda. Aliacha kazi ya kurekebisha soko, akaijenga bahari harakaharaka. Siku mbili baadaye akatangaza kwamba lango litafunguliwa.

Wachezaji wote walikuja. Swali alisimama nyuma ya kiti cha kaka, pumzi ameishika. Lango likafunguka, na ni kweli, bahari ilikuwapo, ya buluu, inameremeta. Tatizo ni kwamba haikujua pa kuishia. Maji yalipita langoni, yakashuka barabara kuu, yakaingia sokoni. Vibuyu vya maziwa vikaelea. Mbuzi wakaelea miguu juu. Nyumba ya Tarumbeta ikapita mbele yao kama kofia iliyopeperushwa. Kisha kioo cha kompyuta kikaganda, na mji wote ukasimama.

Malalamiko yakamiminika kuliko yale maji. "Waongo!" "Turudishieni hela zetu!" Moja lilikuwa la Tarumbeta, fupi la kejeli, Swali akaliona kabla ya kaka: "Swali, ulisema kweli kabisa."

Kaka alishika kichwa kwa mikono miwili. "Nimejenga ambacho sikukiahidi, nikaharibu nilichokiahidi. Mwezi huu gemu inakufa. Laiti ningemjua aliyeanzisha habari ya bahari!"

Swali angeweza kutoka kwenda kufagia. Badala yake alibaki pale pale, akapiga moyo konde.

"Ni mimi, kaka. Niliwadanganya ili walipe. Nilimwogopea mbuzi wangu."

Kaka akamshika mkono, wakaenda mbele kwa mama, aliyekuwa akimsuka nesi wa zahanati ya jirani. Nesi alikuwa amesukwa upande mmoja. Upande wa pili nywele zilisimama kama zimeona jini. Swali akasimulia yote bila kupunguza.

Mama hakufoka. Aliendelea kusuka. "Mtazame huyu mteja wangu. Amependeza?"

Swali alisita. Nesi akamwambia, "Sema tu mwanangu, mimi mwenyewe ninajiona."

"Bado," alisema Swali.

"Bado," mama alirudia. "Amekwisha kulipa, na kazi haitaisha hadi kesho. Mbona halalamiki? Kwa sababu yuko mbele ya kioo. Anaona kilichosukwa na kisichosukwa. Ningeondoa kioo nikamwambia tayari umekuwa malkia, akatoka hivi barabarani, ungesikia kelele zake."

"Na sindano ningekuja nayo," alisema nesi.

Mama akamgeukia kaka. "Na wewe usicheke. Onyo kwamba gemu haijaisha uliliandika wapi?"

"Chini kabisa ya ukurasa."

"Lete nilione." Mama akaisogeza simu hadi puani. "Hizi ni herufi au ni sisimizi?"

Jioni ile waliketi watatu na kuandika upya ukurasa wa kuingilia. Kwa herufi kubwa, juu ya kitufe cha kulipia, waliandika kilicho tayari, kilicho kibovu, na kile ambacho huenda kisipatikane kamwe. Waliotaka hela zao warudishiwe walirudishiwa. Kaka akaikausha bahari na kuuwasha mji upya, ila lango likabaki wazi.

Kesho yake Swali alisimama mbele ya darasa. "Hapakuwa na bahari. Niliitunga. Nisameheni." Wengine walimzomea, wengine wakacheka. Tarumbeta alichukua hela yake na hakusema neno. Kutoka kwa msichana yule, kimya kilikuwa adhabu kubwa kwa Swali.

Siku kadhaa zilipita. Wachache walibaki, wakawa wanamwandikia kaka kila kosa waliloliona: mbuzi anayepita ukutani, maziwa yanayouzwa mara mbili. Naye akarekebisha. Lakini hesabu ya kulipia mwezi ilikuwa bado haijatimia. Basi alasiri moja sauti ikapasua mlango wa saluni.

"Swali! Nyuma ya lango sasa kuna nini?"

Swali aliacha ufagio. Ilikuwa rahisi sana kusema mlima, au hata bustani ndogo.

"Hakuna kitu," alisema. "Ukivuka unaanguka."

"Unaanguka hadi wapi?"

"Hakuna anayejua. Unaendelea kuanguka tu."

Macho ya Tarumbeta yakamtoka. "Na mbuzi wako?"

"Naye anaanguka, pembe yake moja mbele."

"Mbona hukusema hivyo tangu mwanzo, wewe?" Tarumbeta alipiga kelele, wateja wakaziba masikio. "Mimi nataka kuanguka! Na darasa zima litataka!" Akatoa hela ile ile mfukoni. Wenzake wakamfuata, na mwezi ulipoisha, gemu haikuzimwa.

Alasiri ile aliporudi Tarumbeta, mama alimtazama binti yake, akatabasamu. "Umeona, mwanangu? Kuuza kitu ambacho hakijaisha si kosa. Kosa ni kumficha mnunuzi pale kilipoishia. Mwambie ukweli, umwache aamue mwenyewe. Akija, atakuwa amekuja kwa hiari yake, na hatakuwa na sababu ya kukuita mwongo."

Chumba cha nyuma tayari kilikuwa kimejaa kicheko. Tarumbeta alikuwa anaanguka.